Mashine ya Marhun, Mashimo ya Mastura

Mastura wa Mwera alikuwa na mashimo mawili kando ya mto, urithi wa mama yake. Humo alifukia makumbi ya nazi kwenye tope miezi kadhaa mpaka yalainike. Kisha huyafukua, huyaponda kwa rungu, na kusokota kamba. Harufu yake, mama wee! Lakini kamba zake zilisifiwa Pangani nzima. Wifi yake, Siham, alikuwa na shimo jirani. Waliponda huku wakipiga soga, na siku ikaisha.

Ndipo akaja Bwana Marhun, mfanyabiashara wa Chumbageni, na mashine ya kuchambua makumbi. Akaomba msaragambo wa kujenga banda. Msaragambo haukataliwi. Watu hufanya kazi pamoja bila malipo, na kinachojengwa huwa cha wote, kama kisima au njia. Wanawake wote wenye mashimo pale mtoni wakaja na majembe na nyimbo. Marhun akachinja mbuzi, wakala wakashiba. Hakuna aliyeuliza banda ni la nani.

Mashine ikawashwa. Wanawake wakaleta makumbi yao yaliyolainika, wakafanya kazi. Lori liliporudi kutoka kuuza nyuzi Tanga mjini, walikaa kungoja mgao. Marhun akawapa bei ya makumbi na ujira wa kibarua.

"Na fungu letu la faida?" Mastura aliuliza.

"Faida gani, Bi Mastura?"

"Si tulijenga msaragambo? Mashine yetu sote!"

Marhun alishangaa kweli. "Mimi niliwakirimu mbuzi, dada. Vyaelea, vimeundwa. Nimeuza nyumba ya urithi kununua mashine hii." Kisha akasema kwa upole, "Niuzieni mashimo yenu, muwe wafanyakazi wangu. Mtapata ujira kila wiki. Kesho nitakuja tuandikiane."

Nyumbani, mumewe Masoud alisema, "Uza. Mgongo wako umechoka. Ujira ni hakika, shimo ni tope tu."

Mastura alikuwa na hasira, na kusema kweli alikuwa karibu kukubali. Lakini kwanza alikwenda kwa jirani yao, Mwalimu Fanueli, aliyesomesha historia mpaka akastaafu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekunja uso?"

Akamweleza yote. Mwalimu hakucheka.

"Yaliyokupata yaliwapata wafumaji wa Uingereza, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita," alisema. "Walifuma vitambaa nyumbani kwao, kwa vyombo vyao. Zikaja mashine kubwa, za maji, kisha za mvuke. Mfumaji hakuweza kuzinunua. Aliyeweza ni mwenye mtaji, yaani mali inayowekwa kazini ili izae mali zaidi. Mitaji mingine ilitoka kwenye biashara, mingine kwenye jasho la watumwa. Wenye mitaji wakajenga viwanda. Mfumaji akabaki na mikono, akauza nguvu zake kwa ujira. Huo ndio ubepari wa viwanda. Hata mkonge uliomleta baba yangu Tanga ulikwenda hivyo. Shamba na mashine vilikuwa vya tajiri, mikono ilikuwa ya baba. Faida ilikuwa ya tajiri."

"Basi Marhun ni mwizi!"

"La. Ameweka mali yake hatarini. Naye anakimbizwa. Akitokea mwenye kuuza nyuzi rahisi zaidi, itabidi ashushe bei au afunge. Kwa hiyo hurudisha faida anunue mashine bora, na hutaka ujira uwe mdogo. Kwa njia hiyo nguo zilirahisika duniani. Lakini wafanyakazi waliumia, hata watoto walitiwa viwandani, mpaka watu wakaungana kudai haki."

"Na siye tuna nini, mwalimu?"

"Mashine ya Marhun inakula nini?"

Mastura akacheka. "Makumbi yaliyolainika! Na mashimo ni yetu."

"Huo nao ni mtaji, mwanangu. Ukiuuza, utabaki na mikono."

Jioni ile wanawake wote walikutana kwa Mastura, wakawa kitu kimoja. Kesho yake Marhun akaja.

"Karibu, mgeni njoo, mwenyeji apone," Mastura alimtania. "Mashimo hatuuzi. Tunayaleta kama hisa zetu. Anayefanya kazi alipwe ujira. Faida tugawane, wewe na siye, na sehemu ibaki kutunza mashine."

"Nikikataa?"

"Mashine itakula upepo."

Marhun aliondoka kwa hasira. Banda likakaa kimya siku kadhaa. Aliporudi, alikuwa akitabasamu kwa shingo upande. "Wallahi, nyiye mmenishika pabaya." Wakapatana mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Biashara ilikua. Mastura aliezeka nyumba mabati, na Masoud sasa alijisifu kwamba mashimo hayauzwi. Wakachimba mengine, wakapungukiwa watu wa kazi. Asubuhi moja akaja Devota, binti wa vibarua wa mkonge, kutafuta kazi. Hakuuliza hata ujira. Alichukua jembe akaanza kufukua.

Siham alimnong'oneza Mastura, "Mpe kidogo tu. Hana pa kwenda huyu. Faida yetu itaongezeka."

Mastura aliona aibu, kwa sababu wazo hilo hilo lilikwisha kumpitia kichwani.

"Weka jembe chini, mdogo wangu," alisema. "Kaa hapa, tupatane ujira kwanza. Na huo nitakaoutaja mwanzo, usiukubali upesi."