Unga Usoni mwa Filemoni

Nisameheni mapema. Hadithi za kutisha huwa naziharibu kwa kucheka pale pa kutetemekea. Nikikosea, tetemekeni wenyewe, msinisubiri.

Filemoni alirekodi video ya dakika moja kamili. Alipoicheza tena alfajiri, ilikuwa na dakika moja na sekunde saba.

Sekunde saba si kitu, utasema. Lakini alikumbuka kuizima kamera kwa mkono wake, na katika sekunde zile alikuwa bado amekaa kwenye kigoda, uso mweupe pe, hasemi, hapepesi, anamtazama anayemtazama.

Miaka ishirini na mbili Filemoni alikuwa amewachekesha watu wa Newala kwenye harusi na mahafali, na hakuna aliyewahi kumwita kwenye filamu. Sasa kulikuwa na watu Masasi wanatafuta mtu wa kuigiza mzimu. Walitaka picha mbili za uso, moja ya mbele na moja ya ubavuni, na video ya kujitambulisha: jina, urefu, lugha unazozijua, kisha kionjo cha uigizaji. Kila kitu alikuwa nacho isipokuwa poda ya kumfanya afanane na mfu.

Nyuma ya nyumba, chini ya mti wa msolo, mama yake, Bi Isabela, alikuwa amemwaga unga wa mtama, kichuguu chenye ncha, akakifunika kwa chungu. Alimwomba marehemu mumewe ruhusa ya kwenda Masasi kutolewa mtoto wa jicho. Madaktari wa macho wangekuwepo siku moja tu, na jicho la pili nalo lilikuwa limeanza kufunga. Kichuguu kikikutwa asubuhi kimesimama, marehemu ameridhia. Kikiwa kimeporomoka, amekataa.

Usiku Filemoni alichota viganja viwili. Kilichobaki akakifinyanga, akarudisha chungu.

"Shikamoo, mama," alisema asubuhi hiyo, mama aliporudi kutoka msoloni.

"Marahaba." Bi Isabela akavua viatu vya safari, akavitupa ukutani. "Nimekipapasa. Kimelala chini. Baba yako amekataa. Siendi."

"Labda panya, mama."

"Panya afunue chungu, ale, afunike? Huyo panya kasoma wapi?" Sauti ikampanda. "Miaka arobaini nimempikia mtu yule, nimemfulia, nimemuuguza, leo ananinyima macho! Mkorofi alivyokuwa hai, mkorofi mpaka kaburini!"

Filemoni alitaka kusema. Kweli alitaka. Lakini kwanza akabonyeza, video ikaenda Masasi. Ataungama ikishafika, alijiambia.

Ndipo ikaja harufu ya ugoro. Katika nyumba ile hakuna aliyekuwa amenusa ugoro tangu mzee azikwe, miaka sita. Simu ikawaka yenyewe mkononi. Dakika moja, sekunde saba, sekunde ishirini, dakika mbili, na yule mweupe kwenye kioo akainuka kigodani, akasogea, akasogea tena mpaka uso ukajaa kioo chote, na Filemoni alipotaka kuitupa simu vidole vikagoma, na alipotaka kupiga kelele taya likagoma, maana unga aliounawa mara tatu jana ulikuwa umerudi usoni, unakauka, unakaza, unambana mashavu kama udongo mbichi unaopigwa na jua, na kutoka ndani ya simu kikatoka kikohozi, kikavu, mara mbili, kile kile ambacho enzi hizo kilikuwa kikinyamazisha watoto wa mtaa mzima.

Bi Isabela akashika mlango. "Baba Filemoni?" akanong'ona.

"Mama Filemoni. Mimi nimekataa lini?"

"Yesu wangu..."

"Unanitukana tangu kulipokucha. Mwulize mwanao kajipaka nini."

Mama akaja akipapasa hewa mpaka akaupata uso wa mwanawe. Akakwangua kwa ukucha, akaonja. Mtama. Kofi lililofuata lilisikika barabarani.

"Una miaka arobaini na sita, Filemoni! Ungeniacha nipofuke kwa ajili ya sinema?"

"Ni... mi..." Taya likaachia nusu. "Niliuchota mimi, mama. Baba hana kosa. Na ningenyamaza. Ningekuacha ubaki hapa nikanyamaza."

Unga ukamwagika wote kwa mpigo, mpaka miguuni. Simu ikazima. Mama akamwaga mwingine msoloni, akamwomba radhi mumewe kwa matusi, kisha akavaa viatu.

Walikuwa kwenye basi, wanateremka kuelekea Masasi, jibu lilipoingia. Filemoni akalisoma kimya.

"Wanasemaje?" mama akauliza.

"Wanamtaka yule mzee wa zile sekunde za mwisho. Wanasema anagusa moyo. Yule wa mwanzo, anayetabasamu, ndiye amewatisha, wanaomba nisimlete."

"Yule wa mwanzo nani?"

"Mimi, mama."