Ruzuku ya Utulivu

Mvua ya mchana ilipoanza kunyesha juu ya jiji la Tukuyu, vijana ishirini na wawili walikuwa wamelala katika ukumbi mkubwa wa Nyumba ya Utulivu, na ndoto zao zilikuwa zikipanda juu yao kama mvuke wa chai. Kila mmoja alilala ndani ya kiota, kitanda cha nyuzi laini kilichoning'inia kutoka darini, na juu ya kila kiota ulielea ukungu wenye rangi. Ukungu ule ulikuwa taswira, kazi ya mtambo ulioitwa Mtulizi, ambao ulisikiliza ubongo wa aliyelala na kukichora hewani kile ulichokisikia. Penye furaha ulichora njano. Penye woga ulichora kijani cha maji ya bwawa. Penye hasira ulichora uzi mwekundu, na kazi ya Mtulizi ilikuwa kuutafuta uzi huo, kuushika kwa mawimbi yasiyoonekana, na kuuvuta taratibu hadi utoke.

Subilaga Mwaisaka, fundi wa usingizi, alipita peku katikati ya viota. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyotokana na kufanya kazi miaka sita mahali ambapo watu wamelala. Alisimama kwenye kiota cha msichana aliyeitwa Tumpe. Mwezi wa kwanza ukungu wa Tumpe ulikuwa mwekundu mtupu, kama tanuri. Leo ulikuwa wa buluu hafifu, umetulia, na ndani yake hapakuwa na kitu kinachosogea. Subilaga aliandika kwenye kibao chake: *hali nzuri sana*. Kisha akabaki amesimama, maana buluu ile haikuwa na mwisho, na hakujua kwa nini ilimtia baridi.

Tumpe alikuwa na miaka kumi na saba. Mama yake alifanya kazi katika kiwanda cha chai cha baba mdogo wa Tumpe. Siku mama alipougua, huyo shemeji yake alimwambia amalize zamu kwanza. Alimaliza, na akafia ndani ya gari-waya lililoning'inia juu ya bonde likimvusha kwenda hospitali. Siku tatu baada ya mazishi Tumpe alilichoma ghala la kukaushia majani, na mlinzi akaungua mikono yote miwili alipojaribu kuuzima moto. Zamani mahakama ingempeleka gerezani pamoja na watu wazima. Kaka yake Subilaga alipelekwa hivyo akiwa na miaka kumi na sita kwa kosa dogo kuliko hilo, akarudi nyumbani mtu asiyeweza kukaa chumba chenye mlango uliofungwa. Ndiyo sababu serikali ilipotangaza ruzuku kwa nyumba zitakazowapokea vijana wa mahakamani kuwalea na kuwatibu, Subilaga alikuwa wa kwanza kuomba kazi. Ruzuku ilitolewa kwa sharti moja: vijana wanaotoka wasirudi tena mahakamani. Na kwa miaka sita hakurudi hata mmoja. Wageni walitoka miji ya mbali kuja kuutazama ule ukungu, wakaondoka wakizungumza kwa kunong'ona kama watu waliotoka msikitini.

Alhamisi ile, mvua ilipokatika, bibi yake Tumpe alikuja kumtembelea. Aliitwa Bibi Sambuka, na alikuja na ndizi za kuchemsha zilizofungwa kwenye majani. Wakaketi barazani, mawingu yakipita chini ya miguu yao, kwa sababu nyumba ilijengwa juu ya nguzo ukingoni mwa bonde. Subilaga alikuwa karibu, akifuta lenzi za mtambo, akawasikia. Bibi alisimulia namna mama yake Tumpe alivyokuwa akiimba vibaya makusudi ili mtoto acheke na kusahau kulia. Tumpe alisikiliza kwa adabu, mikono mapajani, akiitikia kila panapostahili. Aliposhukuru kwa ndizi, alishukuru kama mgeni anavyomshukuru mwenyeji.

Bibi alipoaga, alimshika Subilaga mkono akamvuta kando.

"Mwanangu," alisema, "nimemuuliza mama yake alimwita jina gani la utani. Ameniambia hajui. Halafu akanitazama usoni aone kama nimekasirika."

Subilaga alimwambia kwamba tiba huchosha, kwamba kumbukumbu hulala kidogo kisha huamka. Bibi alimsikiliza hadi mwisho.

"Mmenirudishia mtoto mpole," alisema. "Sisemi kwamba sishukuru. Ila huyu simjui."

Jioni ile Subilaga hakwenda nyumbani. Mtulizi ulitunza kila ulichokitoa, katika matangi ya maji mazito chini ya ukumbi, ambako taswira zilizovutwa zilikaa kama rangi iliyotua chini ya gilasi. Alilifungua tangi la Tumpe, akauwasha mwanga, na uzi mwekundu ukapanda mbele yake. Miaka sita alikuwa akiuona uzi wa namna ile ukitoka, lakini hakuwahi kuufuata hadi mwisho wake. Sasa aliufuata. Ulianza kwenye moto, ukapita kwenye mikono ya mlinzi, ukapita ndani ya gari-waya, na huko mbele rangi ikabadilika: ikawa njano, ikawa jiko la asubuhi, ikawa mwanamke mwenye kanga mabegani akiimba ovyo huku akikuna kisogo. Hapakuwa na mahali ambapo hasira iliishia na mama akaanzia. Mtambo ulipovuta kimoja, kingine kilifuata.

Alifungua na matangi mengine. Kati ya vijana ishirini na wawili, kumi na mmoja mtambo ulikuwa umewaondolea mtu wao pamoja na hasira, kwa namna ile ile.

Mkurugenzi wa nyumba, Daktari Ambakisye, hakuwa mtu mbaya, na Subilaga alilijua hilo. Ndiye aliyewatoa vijana wa kwanza gerezani kwa mkono wake, mmoja mmoja, akilumbana na kila ofisa. Subilaga alipompeleka kwenye matangi, alizitazama taswira moja moja. Kisha akamkumbusha kwamba mkaguzi wa wizara anafika baada ya siku tisa kuamua kama ruzuku itaendelea. Alisema ataurekebisha mtambo, ila si sasa.

"Ukisema leo, nyumba itafungwa," alisema. "Hawa watoto watalala wapi, dada Subilaga? Unapajua. Kaka yako alilala huko."

Subilaga alishuka ngazi akaketi nje, akiyatazama mawingu yakiingia bondeni na kutoka, na kila yalipoingia alimwona kaka yake, na kila yalipotoka alimwona mwanamke wa kwenye uzi. Alikaa hivyo siku mbili nzima, akifanya kazi kama mtu anayetembea ndani ya maji. Siku ya tatu aliona kwamba katika wote waliokuwa wakiamua, hakuna aliyemuuliza Tumpe mwenyewe.

Alimkuta Tumpe bustanini akichuma mboga. Akamweleza yote bila kuficha: kilichotolewa, kilikohifadhiwa, na kwamba kinaweza kurudishwa. Msichana aliendelea kuchuma.

"Kikirudi, kitarudi chote?"

"Chote. Siwezi kuchagua. Hasira itarudi, na ule moto."

"Na yeye?"

"Na yeye."

Tumpe aliweka mboga chini. Alisema kwamba kuna wakati akiosha vyombo hujikuta amesimama, maji yanamwagika, akisubiri mtu amwite, na hajui ni nani. Kisha akasema angependa kujua.

Wakafanya mchana uliofuata, Tumpe peke yake ukumbini, na Subilaga ameushika mkono wake. Mtulizi uligeuzwa kuvuta kinyume. Buluu ilipasuka polepole, kama barafu ya kwenye majani jua linapoipata, na uzi ukaingia. Tumpe aliamka akiita. Alilia siku hiyo na ya pili. Siku ya tatu alivunja kioo cha dirisha kwa ngumi, akashonwa nyuzi sita. Daktari Ambakisye alikuja kumwona, akaketi kitandani kwake saa nzima. Alipotoka hakumkaripia Subilaga. Alisema tu kwamba alikuwa amesahau kilio cha kweli kinavyosikika.

Mkaguzi alifika siku iliyopangwa. Alikuwa Bi. Pelagia, mama mkimya mwenye miwani minene, na alikwenda na fomu yake ukumbini kote, akiweka alama. Alipomfikia Tumpe aliiona bandeji. Akauliza. Subilaga ndiye aliyesema. Alieleza kuhusu uzi na matangi, na wale kumi na mmoja, na hakujitetea, kwa sababu ukungu ule aliusimamia yeye kwa miaka sita akiandika *hali nzuri sana*.

Bi. Pelagia alimgeukia msichana akamuuliza kama anajutia alilofanya.

"Kabla ya wiki hii ungeniuliza, ningekuambia najuta," alisema. "Ndilo jibu la kwenye fomu. Sasa nikifumba macho naiona mikono ya yule mlinzi. Siwezi kula."

Kisha akaongeza: "Baba mdogo bado namchukia. Sijui nifanyeje na hilo. Nataka mtu anisaidie, lakini asinitolee."

Mkaguzi alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na ukungu.

Wizara ilichukua miezi miwili kuamua. Mtulizi ulizimwa. Ruzuku haikufutwa, lakini ilipunguzwa hadi nusu, kwa kuwa mtambo ndio uliokuwa umeipatia nyumba sifa yake, na bila mtambo hakuna aliyejua itafanya nini. Vijana watano hawakupata nafasi tena, wakapelekwa gerezani. Subilaga aliwasindikiza hadi getini, akawa anakwenda kuwaona kila Jumapili, na mmoja wao alikataa kumsalimia. Hakujisamehe kwa kupelekwa kwao, wala hakujaribu.

Wale kumi na mmoja waliulizwa mmoja mmoja. Saba walitaka kurudishiwa. Wanne walikataa, na kijana aliyeitwa Gwamaka alimwambia Subilaga kwa upole kwamba amelitazama tangi lake kwa mbali, ameiona rangi yake, na imemtosha. Baba yake alikuja kumchukua kwa furaha kubwa. Subilaga aliwatazama wakiondoka, bega kwa bega, na hadi leo hajui kama alimwona mtu aliyepona.

Kazi ikawa nyingine. Mchana, mvua ikinyesha, vijana waliketi kwenye mikeka na kusema. Wengine hawakusema lolote kwa majuma. Tumpe alirudia kuvunja vitu mara mbili, kisha akaomba apelekwe kwa yule mlinzi. Akaenda na bibi yake, akawa anamfulia nguo kila Jumamosi, maana vidole vya mlinzi havikuweza tena kukamua.

Mwaka ulipoisha ilikuja fomu mpya kutoka wizarani. Bi. Pelagia alikuwa ameiandika upya mwenyewe. Swali la kama kijana amerudi mahakamani lilikuwapo bado, lakini chini yake liliongezwa jingine, lenye nafasi kubwa ya jibu: *Kijana huyu ana nini leo?*

Subilaga alikaa na lile swali muda mrefu. Aliandika, akafuta. Mwishowe alikwenda jikoni, ambako Tumpe alikuwa akimenya ndizi, akamsomea.

Tumpe alifikiri huku kisu kikiendelea na kazi yake.

"Andika nina mama," alisema. "Halafu andika amekufa. Usianze na la pili."

Subilaga akaandika hivyo hivyo, kwa mpangilio ule ule.