Kitambaa cha Maua ya Njano

Mtaa wa mafundi makochi ulikuwa umechangamka mchana ule, nyundo zikigonga na redio zikishindana kelele. Mwalimu wa watoto kanisani alikuwa amesimama katikati ya njia, sketi yake ya buluu imejaa nyuzi za sufi ya kujazia makochi.

"Dada, utagongwa na kochi!"

Akaruka pembeni. Aliyemwita alikuwa fundi mrefu, mikono ya shati imekunjwa, misumari midogo mdomoni.

"Natafuta vipande vya vitambaa, vile mnavyotupa."

"Vya kushonea nini?"

"Manabii."

Fundi alitema misumari kiganjani akacheka. "Wa saizi gani?"

"Wa kiganja. Nawabandika ubaoni nikiwahadithia watoto Jumapili."

Fundi akasomba mabaki yote yaliyokuwa mezani, akamjazia mfuko, akaomba na namba ya simu, eti ajue kama manabii wametosheka. Jioni hiyo hiyo akapiga.

"Wametosheka?"

"Wametosheka, ila mfalme anadai mahameli zaidi."

"Mwambie aje kesho. Asisahau kumleta mwalimu."

Wakapendana hivyo, kwa utani na mabaki ya makochi. Mke wa fundi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akamwachia binti mdogo aliyeitwa Chiriku kwa jinsi alivyokuwa akiongea bila kituo. Tangu msiba, Chiriku hakuwa ameongea wala kulia. Fundi akaanza kumpeleka kwenye darasa la mwalimu. "Labda hadithi zako zitamfungua mdomo, mpenzi," alisema, na mwalimu akajiapiza kimoyomoyo kwamba zitamfungua.

Jumapili moja akahadithia ya binti aliyekufa na Yesu akamfufua. Umbo la binti huyo alilikata kwenye kipande laini cha maua ya njano alichokikuta chini kabisa ya mfuko. Akamlaza kwenye kitanda cha mahameli, akaigiza vilio vya waombolezaji mpaka watoto wakacheka, kisha akanong'ona, "Hakufa. Amelala tu." Akamwinua. Darasa zima likapiga makofi. Chiriku alikuja mbele, akaligusa gauni la binti yule, akatabasamu. Mwalimu nusura alie kwa furaha.

Wiki ile fundi akamposa. "Nimechoka kukuaga kila jioni."

"Basi usiniage, mpenzi."

Wakamketisha Chiriku kwenye kochi ambalo bado halijavikwa kitambaa, wakamwambia kwamba watafunga ndoa na mwalimu atahamia kwao. Mtoto akasikiliza mpaka mwisho, kisha, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akaongea: "Mama akiamka atalala wapi?"

Fundi alishtuka. "Nani kakwambia ataamka?"

"Mwalimu. Alimlaza mama na gauni lake, halafu akamwamsha. Watoto wote waliona."

Mwalimu alimtoa binti wa kitambaa mkobani. Fundi alipoyaona yale maua, uso ukamshuka.

"Hiki ni kipande cha gauni la mke wangu. Nilikitunza karakanani. Umekitoa wapi?"

"Kwenye mfuko ulionipa."

"Mimi nikupe hiki?"

"Kwa hiyo mimi mwizi?"

Fundi akampa mgongo. Mwalimu akaondoka machozi yakimtoka. Simu ikanyamaza. Jumapili iliyofuata aliwafundisha watoto nyimbo tu, hakuthubutu kuhadithia.

Hatimaye fundi akapiga. "Mpenzi, kosa ni langu. Siku ile nilisomba mabaki bila kuangalia, macho yangu yote yalikuwa kwako. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Mtoto vipi?"

"Hataki mlango ufungwe. Anasema mama hana ufunguo. Nimemwambia ukweli, haniamini. Anasema mwalimu ndiye anayejua."

Mwalimu alikwenda jioni ile. Akakaa kitandani kwa Chiriku, akampa yule binti wa kitambaa.

"Hadithi ile sikuimaliza, mwanangu. Yule binti alikua, akazeeka, na siku moja akafa kama watu wote. Hakurudi tena nyumbani."

"Na mama?"

Mwalimu alitamani kumdanganya. "Mama naye harudi hapa. Tutamwona kwa Mungu."

"Kwa nini yule aliamshwa, mama hakuamshwa?"

"Sijui, mwanangu." Hakuwahi kumjibu mtoto hivyo darasani.

Chiriku akaangua kilio, kilio alichokuwa amekizuia tangu msiba, baba yake amemkumbatia. Alipotulia, alimlaza binti wa kitambaa juu ya mto, akamfunika kwa leso.

"Usimwamshe tena."

"Simwamshi."

"Na usihamie hapa."

Fundi alitaka kusema kitu. Mwalimu akamzuia kwa macho. "Sihamii."

Mlangoni fundi alimshika mkono. "Ni mtoto tu, mpenzi. Atazoea."

"Nakupenda, na wewe unajua. Lakini mimi ndiye niliyemwambia mama yake anaamka. Siwezi kuingia kwa mlango aliokuwa akiuacha wazi kwa ajili ya mama yake."

Akauondoa mkono wake polepole, akashuka ngazi huku analia. Alipofika chini alimsikia Chiriku akimwambia baba yake afunge mlango, kisha ufunguo ukazungushwa.