Ovaroli ya Marijani

Ulikuwa mwaka wa unga wa yanga, tulipokula ugali wa njano na kujidanganya kuwa tumeshiba. Mwanaheri ndiyo kwanza alikuwa katoka eda. Jioni hiyo alimwachia jirani yake Somoe mtoto, akachukua chupa, akaenda kununua mafuta ya taa duka la ushirika, pale Chang'ombe. Mafuta akapata, akashika njia ya kurudi huku adhana ya magharibi ikimaliziwa.

Huyu Mwanaheri mumjue vizuri. Mzaramo wa Temeke, mfupi, ulimi mkali mpaka balozi wa nyumba kumi akipita kwake anakaza mwendo. Mumewe, Marijani, alikuwa fundi mashine kiwandani, mtu mpole, mguu wa kushoto akiuburura kidogo kwa sababu aliuvunja utotoni. Jioni moja walizozana. Marijani akatoka kwenda shifti ya usiku, akaanguka njiani, moyo ukasimama. Waliambiana nini, hakuna aliyejua. Mwanaheri alilifungia kifuani jambo hilo, na machozi akayafungia humo humo. Hakulia hata tone. Ukimuuliza anaendeleaje, anakujibu mie mzima, kwani nina nini?

Msibani alikuja Adelard, Mnyamwezi aliyefanya kazi na marehemu. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, mnajua wenyewe, na mtani msibani ana kazi yake. Adelard aliifanya barabara. Akavaa ovaroli ya bluu ya marehemu, ile yenye kiraka chekundu kiwikoni, alichokishona Mwanaheri mwenyewe kwa kipande cha kanga. Akaburura mguu wa kushoto uani. Waliokuwa wakilia wakacheka, waliokuwa wakicheka wakalia, na utani wa msibani ndivyo unavyotakiwa. Kisha akasimama mbele ya mjane, akanyoosha kikombe kitupu.

"Mwanaheri, chai haina sukari."

Mwaka ule sukari hakuwa nayo mtu, kwa hiyo uani kote wakaangua kicheko. Mwanaheri akaruka. Alimmwagia mtani maji machafu ya masufuria, akamvua ile ovaroli kwa nguvu, akamfukuza mpaka barabarani. Wazee wakashika vichwa. Mtani hafukuzwi. Haondoki mpaka mfiwa acheke au alie mbele yake, au ampe kitu cha kumwondoa, hata kuku. Akiondoka mikono mitupu, walisema wazee, atarudi kujichukulia mwenyewe, na hapo hachukui kidogo. Mwanaheri akasema huo upuuzi. Ovaroli akaifungia sandukuni, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga.

Haya, tumrudie njiani na chupa yake. Giza lilikuwa linaingia. Alipofika kwenye ukuta wa karakana moja iliyokwisha fungwa, akasikia kitu nyuma yake.

Tu... shaaa. Tu... shaaa.

Mguu mmoja unakanyaga, mmoja unaburuzwa. Akageuka. Mtu amesimama kando ya ukuta, ovaroli ya bluu, kofia imemfunika uso. Kiraka chekundu kiwikoni.

"Mwanaheri," yule mtu akanong'ona. "Chai haina sukari."

Hakuogopa, nawaambia kweli. Alikasirika. Moja kwa moja akajua ni Adelard, kajishonea ovaroli ya kufanana na ile ili amkomoe. Akamtukana kuanzia unyayo mpaka utosi, yeye na Tabora yake. Kila tusi lilipotoka, yule mtu alikuwa karibu zaidi, na hakuonekana akipiga hatua. Na pale pakaanza kunuka... karafuu maiti.

Mwanaheri akaenda zake mbio, mafuta yakimmwagikia mkononi.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi. Adhana ya magharibi ikiisha, tu... shaaa, huyo anakuja, anakaa barazani, anaweka kikombe chini. Mwanaheri anamtukana kutoka ndani, mlango ameutia komeo. Kadiri anavyotukana ndivyo mgeni anavyozidi kukaa. Somoe, waliyegawana naye ukuta, aliapa kwamba haoni mtu barazani. Anamsikia Mwanaheri tu akigomba peke yake. Akamshauri akapumzike kwa mama yake kidogo.

Mwingine aliyemwona mgeni yule alikuwa Mwamvita, binti yao, mtoto ambaye hata meno hajaanza kung'oka. Alikuwa akichungulia kwenye ufa wa mlango na kucheka.

"Mama, baba anachekesha."

Baadaye akaacha kula. Kisha akaacha kusema. Mwili ukawa wa baridi kama mtungi, hata mchana kwenye jua. Zahanati wakasema malaria, wakampa vidonge. Halafu jioni moja Mwanaheri akatoka jikoni akakuta mlango u wazi. Mtoto kakaa mapajani kwa yule mtu. Na mkono wa bluu unampima taratibu, utosini mpaka miguuni, shubiri kwa shubiri...

Kama wapimavyo sanda.

Alimpokonya mtoto akakimbilia ndani, na usiku kucha alimkumbatia. Sasa alielewa. Mtani alikuwa amekuja kujichukulia, na alichokichagua ni Mwamvita.

Kesho yake mchana akambeba mtoto mgongoni, akaenda kwa Adelard. Alikwenda kwa shari, na mchi mkononi. Akamkuta Adelard kitandani, miguu imevimba, mkewe anamlisha uji. Hajakanyaga nje tangu mwezi ule wa msiba. Mwanaheri akauachia mchi, akakaa chini, akamweleza yote. Adelard alisikiliza wala hakutania. Akamwomba radhi: lile la sukari alilisema kama alivyolisema kila nyumba mwaka huo, hakujua limegusa nini. Mwanaheri akamsihi aje amalize kazi yake. Adelard akaitazama miguu yake.

"Siwezi, mtani. Umenifukuza mie, kazi ikabaki mlangoni kwako, na kuna kitu kimeivaa." Akashusha sauti. "Kinataka hicho ulichokificha. Kipe chote. Ukibakiza, na chenyewe kitabaki."

"Kitu gani hicho, Adelard?"

Adelard akanyoosha mkono. Alimgusa mtoto mguu, akauachia upesi.

Magharibi ilipofika, Mwanaheri aliacha mlango wazi, akawasha kibatari, akatandika mkeka. Tu... shaaa. Mgeni akaingia, akakaa, akaweka kikombe. Chini ya kofia hapakuwa na uso, palikuwa na giza tu na ile harufu. Mwamvita akaanza kutambaa kumfuata. Hasira zikampanda Mwanaheri, tusi likafika menoni... akalimeza. Hapo ndipo alipokijua kilichokuwa chini ya hasira zile siku zote. Alikuwa na aibu. Alikuwa na hofu. Na alimtamani Marijani mpaka mbavu zikamuuma.

"Alirudi amechoka," akasema. "Na mie nimeshinda kwenye foleni tangu alfajiri, sukari sikupata. Akaniambia chai haina sukari. Nikamwambia... nenda kanywe kuzimu. Huko sukari haina foleni."

Akakitazama kile kikombe pale chini.

"Na akaenda."

Kilio kikamtoka, kile alichokizuia siku ya maziko. Na katikati ya kilio kicheko kikamponyoka, maana tusi lenyewe lilikuwa la kuchekesha, na siku nyingine yoyote Marijani angelicheka mpaka apaliwe. Akalia huku akicheka. Mgeni akainamisha kichwa. Ovaroli ikaporomoka juu ya mkeka, tupu. Somoe alikuja mbio aliposikia kilio, akamkumbatia mwenzie wakalia pamoja. Baadaye wakalitazama sanduku: kufuli zima, ufunguo bado uko pindoni. Walipofungua, ndani hamkuwa na ovaroli. Mlikuwa na mchanga mwekundu, mbichi, kama uliochimbwa jioni ile.

Asubuhi Mwamvita aliamka mwili una joto, akaomba chakula. Mwanaheri alimshukuru Mungu. Somoe akaleta sukari aliyokuwa ameificha kwenye kikaratasi, wakaitia yote katika kikombe cha mtoto.

Kuna jambo moja tu Mwanaheri hakulisema usiku ule. Jioni ile ya ugomvi Marijani alikwenda hatua chache, akarudi, akagonga mlango, akamwita mkewe kwa upole. Yeye akasimama nyuma ya mlango, akatia komeo, akanyamaza mpaka alipoondoka. Hilo alijiambia ni dogo. La mtu na mumewe.

Mtoto akanywa funda moja. Akaweka kikombe chini. Akainuka mkekani, akaenda mlangoni.

Tu... shaaa.

Mguu wa kushoto alikuwa akiuburura. Akaligusa komeo kwa kidole, akageuka, akamtazama mama yake.

"Mwanaheri," akasema kwa upole. "Mbona ulitia komeo?"