Bakuli Halirudi Tupu

"Hodi."

Sauti ilikuwa ya mtu mzima, na haikuwa ya mtu wa kwetu. Mama aliacha kukanda unga, akaniangalia.

"Florida, umemwalika nani?"

"Sijamwalika mtu, Mama."

Nilifungua mlango. Kwenye kibaraza chetu hapa Iroquois, kusini mwa Louisville, alisimama mzee wa Kichina aliyevaa koti refu jeusi na kofia ya sufu. Alikuwa ameshika bakuli la plastiki la kijani lenye mfuniko uliopasuka pembeni. Nililijua bakuli lile. Ndilo Mama alilokuwa akilijaza maandazi ya kumpelekea Dancan huko Columbus, enzi zile tulipokuwa wapenzi.

Mzee aliinama kidogo, akamtazama Mama aliyekuwa nyuma yangu.

"Shikamoo, Mama Kostansia."

Mama alijiziba mdomo kwa mkono wenye unga.

"Yesu wangu! Mzee mwenye mvi ananiamkia mimi? Mwambie aache, Florida. Mimi ndiye wa kumwamkia!"

Nilipomtafsiria kwa Kiingereza, mzee alicheka bila sauti, mabega yakimtikisika.

"Dancan alinifundisha. Aliniambia ni salamu ya heshima. Hakuniambia nani anamwamkia nani."

Baba, aliyekuwa amejilaza kwenye sofa baada ya shifti ya ghalani, alifumbua jicho moja.

"Nani amemtaja huyo mtoro ndani ya nyumba yangu?"

Jina hilo lilikuwa halijatajwa tangu mwezi wa kumi, siku Dancan alipokwenda Buffalo kuniposa kwa Baba Mkubwa Theogene. Sisi Warundi wa nyumba yetu, posa hupokelewa na mkubwa wa ukoo, na mkubwa wetu ni yeye, kaka yake Baba. Mimi nilifichwa chumbani kama mila inavyotaka, nikingoja kuitwa. Sikuitwa. Nilisikia mlango ukifungwa, kisha gari likiwashwa. Nilipotoka, kreti ya Fanta ilikuwa mezani, hakuna chupa hata moja iliyofunguliwa, na Dancan ameshaondoka. Baadaye ikaja meseji:

"Nimeelewa, Flo. Mungu akubariki."

Nilipiga, simu imezimwa. Nikalia. Nikakasirika. Nikaifunga namba yake.

"Naitwa Ren Guowei," mgeni alisema alipokaa. "Mimi ni mwalimu wa Dancan."

Nilimjua kabla sijamwona. Dancan alikuwa akinisimulia habari zake kama watu wanavyosimulia ndoto nzuri. Profesa Ren, mtoto wa muuza tofu, aliyejifunza kemia kwa kutazama maziwa ya soya yakiganda kwenye sufuria ya mama yake. Alisomea Buffalo, akafundisha Columbus hadi nywele zikawa nyeupe, kisha kwao wakamwita akaongoze chuo kikuu kikubwa kama mji. Kila majira ya baridi hurudi Columbus kuwatazama wanafunzi wake wa mwisho. "Na bado anaosha chupa zake mwenyewe, Flo," Dancan alikuwa akiniambia.

"Nimekuja kurudisha bakuli," Profesa alisema. "Maandazi mengi niliyala mimi. Na kwetu bakuli la watu halirudi tupu."

"Hata kwetu!" Mama alisema kabla sijamaliza kutafsiri. Akafungua mfuniko. Ndani kulikuwa na chenza zilizopangwa vizuri, na majani yake bado yapo. Sebule nzima ikanukia.

Baba alikuwa ameketi sasa.

"Muulize anataka nini. Mtu hatoki Columbus kwa ajili ya bakuli."

Profesa alilisikiliza swali, akavua kofia.

"Dancan amekubali kuja China kufanya kazi kwangu. Nilifurahi. Kisha nikaitazama mikono yake." Aliinua chenza moja kwenye mwanga wa dirisha. "Kazi yetu ni kuotesha fuwele. Unayeyusha dawa kwenye maji, unaiweka mahali patulivu, unaondoka. Polepole inajijenga yenyewe, inang'aa kama barafu. Ukiichungulia ukaitikisa, inaharibika. Dancan alikuwa mvumilivu kuliko wote. Sasa anainua chupa kila saa. Zote zimeharibika. Nikamuuliza, una nini? Akaniambia, nilikwenda kuposa wakanikataa."

"Nani alimkataa?" Baba alifoka.

"Nami nikamuuliza, wamekukataa mara ngapi? Akasema, mara moja." Mzee alicheka tena mpaka macho yakapotea. "Mara moja! Mara moja si kukataa. Mara moja ni salamu."

Nilishindwa kutafsiri.

"Sema, mwanangu!" Mama alinihimiza.

"Profesa, Dancan aliambiwa nini hasa?"

"Kwamba binti ameshachumbiwa na mwingine."

Nilipomwambia Baba, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Ah! Lakini kaka alikuwa anacheza! Hayo ndiyo maneno ya posa! Wanakwambia binti hayupo, ameolewa, amekwenda kuchota maji. Wewe unabembeleza, watu wanacheka, Fanta zinafunguliwa. Kila mtu anajua!"

"Kila mtu wa kwetu, Baba," nilisema, machozi yakinitoka. "Dancan ni wa Nakuru. Kalelewa na shangazi yake Claris, wazazi wake walishakufa. Nani alimwambia?"

Profesa alimtazama Baba kwa huruma.

"Mwambie baba yako asijilaumu. Nilipofika Buffalo nikiwa kijana, mwenzangu wa chumbani alinipa sahani ya chakula. Nikasema asante, nimeshiba. Kwetu unakataa, unasihiwa, unakataa tena, unasihiwa, ndipo unakula. Yeye akasema sawa, akala mwenyewe. Nililala njaa nikiwaza kwamba Wamarekani ni watu wakatili sana."

Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Na mama yake mke wangu alinikataa mara tatu," aliendelea, "huku ananimiminia chai. Ningeondoka mara ya kwanza, ningezeeka peke yangu kati ya chupa."

Akatoa simu, akapiga, akanikabidhi.

"Ya kwangu ataipokea."

"Prof?" Ilikuwa sauti ile, ya chini, kama mtu anayeamka.

"Si Prof. Ni mimi."

Nikasikia ndege ikipita juu ya nyumba yake, kama kawaida ya Gahanna, mtaa wake wa jirani na uwanja wa ndege wa Columbus.

"Flo? Si uliolewa?"

"Na nani, Dancan?"

"Na huyo... Uncle wako alisema. Mbele ya watu wote. Nikaona nisikuaibishe."

"Ulikuwa mchezo. Ulitakiwa ubembeleze."

"Mchezo?"

"Mchezo."

"Aki Flo. Nililia kutoka Buffalo mpaka Cleveland. Rafiki yangu Tevin alininyang'anya funguo, akaendesha yeye."

Nilicheka huku nalia. Baba alijifanya anatazama dirishani.

"Na mimi ukaniandikia Mungu akubariki. Kama mchungaji!"

"Ningeandika nini? Nilikuwa nimekufa."

"Na China?"

"Nilitaka mahali mbali."

"Ni mbali kweli?"

"Mbali sana, Flo."

"Basi usiende peke yako."

Baba alikohoa. Alinyoosha mkono, nikaweka spika, nikampa simu.

"Kijana. Uliondoka kwa kaka yangu na Fanta hazijafunguliwa. Watu wamenicheka kanisani. Ukitaka binti yangu, urudi Buffalo Jumamosi ya wiki ijayo, na safari hii uje na mzee. Mtu mzima wa kukusemea, asiyekimbia."

"Sina mzee huku, Baba."

Profesa aliuliza kinasemwa nini. Nikamweleza. Alijigusa kifuani.

"Mimi ni mzee. Nitafaa?"

Baba alimtazama tangu kofia hadi viatu.

"Atafaa."

Mama alikuwa ameshalijaza bakuli maandazi ya moto.

"Mwambie hili nalitaka Buffalo, siku hiyo. Alilete kwa mkono wake. Asilitume."

"Kwa mkono wangu," Profesa Ren aliahidi, akalipokea kwa mikono miwili.

Siku zile niliishi kama natembea juu ya pamba. Theluji ilianguka Louisville, na mimi niliisikia inaanguka kwa jina langu. Dancan alinipigia kila jioni. Hatukusema mengi. Wakati mwingine tulisikiliza tu ndege zake zikipita.

Ijumaa, tukiwa tumeshafika kwa Baba Mkubwa, ikaja meseji:

"Flo kuna shida. Baraza la chuo cha Prof limesogeza kikao. Wanachagua mkuu Jumapili, na wapinzani wake wanajua yuko huku. Asipokuwepo watamtoa. Ndege yake ni leo mchana. Nimemwambia aende."

Nilipiga hapohapo.

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu. Amechukua bakuli, akapanda taksi kwenda airport."

"Amekwenda na bakuli?"

"Amelikumbatia. Sasa simu yake haipatikani."

"Utasimama na nani?"

"Na Tevin. Na Mungu. Lakini nitakuja, Flo. Wakinikataa mara mia nitakaa."

"Baba amesema mzee, Dancan."

"Najua," alisema polepole.

Jumamosi Buffalo haikuonekana. Theluji ya ziwani ilikuwa imezifuta nyumba, magari na barabara, zikabaki taa tu zinaelea kwenye weupe. Nilifungiwa chumba kilekile, nimevaa imvutano yangu, vazi letu la sherehe, kitambaa kimefungwa begani, sikio likiwa mlangoni. Nilimsikia Dancan akiingia na kukung'uta viatu.

"Mmekuja wawili tena?" Ilikuwa sauti ya Baba Mkubwa. "Mzee wenu yuko wapi?"

"Anakuja, Baba Mkubwa."

"Anatokea wapi?"

"Sijui."

Watu walicheka, ila Baba hakucheka. Nilisikia viti, vikohozi, saa ya ukutani. Baba Mkubwa akasema kwa upole uliouma kuliko ukali:

"Kijana, hatuwezi kuongea na mtoto. Tufanye siku nyingine."

"Nisubirini kidogo, tafadhali."

"Tumesubiri."

Nilikaa sakafuni, nikaziba uso kwa vazi langu.

"Hodi."

Sikuamini. Nilisikia mlango ukifunguliwa na upepo ukiingia, Mama akipiga kigelegele kabla ya wakati, na Tevin akipaza sauti: "Prof! Umetokea wapi?"

Alieleza, na Tevin akawa anatafsiri kwa Kiswahili chake cha Nakuru. Alifika uwanja wa ndege akaketi na bakuli magotini. Mke wake akampigia simu ya video, akaliona. Akamuuliza, hilo bakuli la nani? Akajibu, la watu wanaoningoja Buffalo. Unaondoka na bakuli la watu? Basi akainuka. Ndege za Buffalo zilikuwa zimefutwa kwa theluji, akapanda basi.

"Karibu, mzee," Baba Mkubwa alisema, sauti imebadilika. "Mnatafuta nini katika baridi hii?"

"Tunamtafuta Florida."

"Hayupo. Ametoka."

"Tutangoja arudi."

Vicheko vidogo.

"Mzee, tusidanganyane. Florida ameshachumbiwa na mwingine."

Nilisikia kiti kikilia. Nilijua ni cha Dancan.

"Kaa," alisema Profesa Ren. Neno moja tu la Kiswahili. Kiti kikatulia. Kisha akaendelea, Tevin akimfuata: "Huyo mwingine ana bahati. Mwiteni tumpongeze, halafu aende zake, tuendelee."

Nyumba ikalipuka. Hata Baba nilimsikia akipiga paja. Baba Mkubwa alingoja watulie.

"Wewe ni mjanja. Basi nikwambie kweli. Florida iko kusini kabisa, kwenye jua na bahari. Pandeni ndege mkaitafute huko."

Nilimsikia Profesa akivuta kiti chake karibu na meza.

"Jana niliiacha ndege moja," alisema. "Nyingine siwezi kupanda. Nitakaa hapa."

"Ndege gani hiyo, mzee?"

Dancan ndiye aliyeeleza, sauti ikimkatika: kikao cha baraza, kiti cha ukuu wa chuo, wapinzani wanaongoja. Simu ya mtu ilitetemeka juu ya meza. Ikatetemeka tena.

"Ni wao?" Baba aliuliza.

"Ni wao," Profesa alisema. Nilisikia kitufe kikibonyezwa, na mtetemo ukakoma.

"Watakunyang'anya kiti?"

"Watanirudishia chupa zangu. Nilikuwa mwalimu kabla ya kuwa mkuu. Dancan, kazi ya China huenda haipo tena. Nisamehe."

"Prof, mimi nimekaa," Dancan alisema. "Sitaki kingine."

Nilisikia theluji ikigusa dirisha, laini, kama kitu kinachojijenga bila haraka.

"Leopoldi," Baba Mkubwa alimwita Baba, "fungua Fanta."

Chupa ya kwanza ilitoa pumzi. Mlango wangu ukafunguliwa, shangazi zangu wakanishika mikono. Nilipoingia sebuleni Dancan alisimama. Alikuwa amekonda. Nilisahau nilivyofundishwa, nikamtazama usoni waziwazi, naye akanitazama, na ile miezi yote ikayeyuka.

"Umengoja," nilimnong'oneza nilipomfikia.

"Ningengoja mpaka theluji iishe, Flo."

"Hapa huwa haiishi!" shangazi mmoja alidakia, na vigelegele vikapaa.

Ila Mama hakuwa anatutazama. Alikuwa amesimama mbele ya Profesa Ren, mikono kiunoni.

"Mwulize, mwanangu. Bakuli langu?"

Mzee alifungua vifungo vya koti lake lililoloa. Alilitoa kifuani, mahali ambapo watu hubeba mtoto, akamkabidhi Mama kwa mikono miwili.

"Samahani, Mama Kostansia. Mfuniko umezidi kupasuka."

Mama aliufunua, na sebule ikanukia chenza.

Halikuwa tupu.