Firigisi Katikati ya Trei

Soko la Marikiti hapo Machakos siku ya Ijumaa hujaa mpaka mtu akitaka kugeuka anaomba ruhusa. Ni hapo Munyiva alipoona pilipili hoho nyekundu na za njano zimepangwa kwenye kreti, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Alikuwa amevaa gauni la maua madogo na aproni yenye unga aliyosahau kuvua, kwa maana kazi yake ni kuoka keki za harusi na za watoto katika chumba alichokodisha Mumbuni.

"Hizi zinatoka wapi?" akauliza.

"Kathiani," akajibu kijana aliyezibeba. Alikuwa na shati jeupe limepigwa pasi vizuri sana, lakini chini amevaa gambuti zenye udongo mwekundu. "Lakini si za kuuza hapa, dada. Zinaenda hoteli."

"Hoteli itafungwa ikikosa mbili?"

"Unataka za nini? Kupika ama kupaka nyumba rangi?"

Akina mama wa nyanya wakacheka. Munyiva hakuona haya.

"Fajita."

"Huyo ni nani?"

"Si mtu! Ni chakula. Kuku na hoho na vitunguu, vyote kwa trei moja, unaingiza kwa oveni."

Kijana akamtazama, akatazama kreti, kisha akachagua nyekundu moja na ya njano moja akampa.

"Muvea," Munyiva akashukuru kwa Kikamba.

"Muvea peke yake? Nitajuaje hiyo chakula iko kweli?"

"Nipe namba, nikutumie picha."

"Picha hailiwi, mrembo."

Jina lake lilikuwa Mutinda. Alikuza hizo hoho ndani ya nyumba ya nailoni, katika shamba la mama yake. Jumamosi mchana alifika Mumbuni bila gambuti, amenyoa, na mkononi ana hoho zingine zimefungwa kwa gazeti kama maua.

"Nisaidie, usisimame hapo kama mgeni wa kanisa," Munyiva akamwambia. "Kata kidari ya kuku vipande vyembamba, kama kidole."

"Kidole changu ama chako?"

"Changu. Chako ni kama mhogo. Hoho pia kata hivyo hivyo, na kitunguu. Sasa mimina mafuta, weka bizari, pilipili ya unga, kitunguu saumu na chumvi. Changanya na mkono. Halafu tandaza, visilaliane."

"Vikilaliana kuna shida gani?" akauliza huku akicheka.

"Wacha ujinga! Vikilaliana vinatoa maji, vinachemka badala ya kuchomeka."

Oveni ilikuwa imeshika moto tayari. Dakika ishirini na kitu hivi, chumba kikajaa harufu mpaka jirani akafungua mlango aone ni sherehe gani. Munyiva alitoa trei ikilia, akakamua ndimu, akanyunyiza dania, wakakunja kwa chapati. Mutinda hakuongea mpaka chapati ya tatu.

"Na vyombo?" akauliza.

"Trei moja tu."

"Basi hiyo ni yangu. Nitaiosha mpaka nizeeke."

Walipendana hivyo. Kila Ijumaa hoho zilifika, na kila jioni simu ililia.

"Sasa, switi. Umekula?"

"Nimekula. Na wewe umevaa soksi? Kathiani kuna baridi."

"Nimevaa, mama yangu wa pili."

Sasa vijana, hapa msome polepole, kwa maana hasara kubwa haikuja na kelele. Ilikuja na kuku.

Mama yake Mutinda anaitwa Kalekye. Ni mjane, mtu wa maombi, amelea watoto kwa mahindi na maharagwe, na hapendi kuchezewa. Alisikia habari za Munyiva akasema, "Nitaenda nimuone huyo msichana wa Katangi. Nikiridhika, mbuzi zitaenda kwao. Nisiporidhika, zibaki zizini." Alimaanisha mbuzi za ntheo, zile zikipelekwa kwa kina msichana kila mtu anajua huyo ni bibi ya watu. Bila hizo, Munyiva na Mutinda wangebaki watu wa kupigiana simu tu.

Siku chache kabla ya kwenda, alimwambia Mutinda, "Mpelekee kuku aje anipikie. Shika ile nyeusi. Ile ya madoa usiguse kabisa, imelalia mayai."

Mutinda alimkimbiza yule mweusi ndani ya mahindi mpaka shati likashika tope. Kuku akapita chini ya ua akaenda kwa jirani. Wakati ulikuwa umeenda na hoteli inapiga simu. Pale pembeni ya jikoni, kuku wa madoa alikuwa ametulia juu ya mayai yake, hakimbii. Mutinda akamwinua, akamtia ndani ya katoni. Kuku ni kuku, akajiambia.

Jioni Kalekye alikuta mayai yamepoa. Akapiga mikono. "Aiya! Nguchiro amekula kuku yangu!"

Mutinda alikuwa amesimama hapo hapo. "Nguchiro ni mbaya sana, mama," akasema.

Munyiva naye alipofungua katoni, kuku alijivimbisha, akanguruma, akaenda kukalia kitambaa cha vyombo kama amekalia mayai. Kifua kilikuwa wazi, manyoya ameng'oa mwenyewe. Msichana amelelewa Katangi, hakuhitaji kufundishwa. Kwao kuku anayetaka kulalia mayai hachinjwi, hata mgeni awe askofu. Akampigia mama yake, Nduku.

"Mwaitu, niko na kuku ya mama Mutinda, inataka kulalia. Na mwenye ploti hapa hataki kuku."

"Ilete mbio kabla haijapoa. Mayai tutatafuta kwa jirani."

Akampeleka siku hiyo hiyo. Moyoni alikuwa na furaha. Aliwaza kwamba siku moja atamrudishia Kalekye kuku wake akiwa na vifaranga nyuma. Hakumwambia Mutinda, alitaka kuwashangaza wote. Kwa chakula cha mgeni alinunua kidari buchari, ili apike kile anachokijua kuliko vyote.

Jumapili baada ya ibada, Kalekye aliketi Mumbuni, kitenge cha zambarau, leso nyeupe kichwani, mkoba juu ya magoti. Munyiva alivaa gauni refu la kijani na kusuka nywele upya. Trei ilikuja inalia, hoho za rangi tatu, mvuke unapanda. Kalekye alichukua uma akageuza upande huu, akageuza upande ule.

Lazima mjue kwamba kwa nyumba ya Kalekye, kuku wa mgeni haletwi hivi. Analetwa unamuona mzima, paja, mgongo, shingo, na firigisi mbele ya mkubwa wa meza. Firigisi ndiyo inasema kwamba kuku alichinjwa kwa ajili yako, hukupewa mabaki ya watu wengine.

"Firigisi iko wapi?" akauliza.

"Hii si ile kuku yako, mwaitu," Munyiva akasema kwa heshima. "Hii ni ya buchari. Yako ilikuwa inataka kulalia, sikuweza kuchinja. Iko Katangi kwa mama yangu."

Kalekye akaweka uma chini.

"Inataka kulalia? Ile nyeusi haijataga tangu Krismasi!"

"Nyeusi?" Munyiva akamgeukia Mutinda. "Lakini haikuwa..."

"Usinifunze kuku zangu! Ngai! Wewe bado hujaolewa na kuku yangu imeshaolewa Katangi!" Kalekye akasimama. "Nimealikwa kuonyeshwa nyama ya kukatakata, na kuku yangu imeenda kushibisha watu wengine." Akachukua mkoba akatoka.

"Mutinda," Munyiva akasema. "Sema. Si wewe ulileta? Sema ilikuwa ya rangi gani."

Mutinda aliangalia chapati. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa. Lakini aliwaza vile mama yake atamkasirikia, akawaza vile alivyomsingizia nguchiro, akasukuma kiti nyuma.

"Wacha nimsindikize mama, ameshuka ngazi," akasema. Akatoka.

Munyiva alibaki na trei imejaa. Hakula hata kipande. Mafuta yaliganda, na yeye hakuinuka.

Kesho yake simu ikalia.

"Bebi, pole kwa jana."

"Umemwambia?"

"Bado. Nangoja apoe kidogo."

"Na mimi je? Mimi ndio mwizi wakati mnangoja apoe?"

"Usiseme hivyo, switi. Si ni kuku tu?"

"Mutinda, leo ni kuku. Kesho tukikaa nyumba moja, ukivunja kitu nitaambiwa ni mimi, na wewe utaangalia chapati." Akavuta pumzi. "Usinipigie mpaka umwambie."

Mutinda alipiga tena, namba ikawa haipatikani. Ijumaa alipeleka hoho Mumbuni, akakuta mlango umefungwa na ndani kunanuka keki. Alijua Munyiva yuko. Akaziacha mlangoni. Ijumaa iliyofuata akazikuta hapo hapo, zimekunjamana.

Wiki mbili baadaye, kule Kathiani, Kalekye alikuwa akifunga miche ya hoho kwa kamba ndani ya nyumba ya nailoni, anaongea peke yake kama kawaida yake.

"Nashukuru Mungu nilimjua mapema. Kesho kuna mnunuzi anakuja, nimpatie hizo mbuzi za ntheo, ziende. Na pale chama ya kanisa nitawaambia kina mama, wachunge vijana wao na huyo mwoka keki. Ni mwizi."

Mutinda alikuwa akivuna hoho na mkasi mstari wa pili. Aliposikia neno hilo, na akafikiria litakavyotembea kutoka mdomo hadi mdomo mpaka Katangi kwa Nduku, aliweka mkasi chini.

"Mama, mwizi ni mimi."

"Nini?"

"Ile ya madoa haikuliwa na nguchiro. Nguchiro ni mimi. Nyeusi ilinishinda kushika, nikachukua ile imelalia. Munyiva aliniangalia niseme, nikanyamaza."

Kalekye alisimama na kamba mkononi. Akamchapa na hiyo kamba begani, kijana mwenye ndevu.

"Na ukakaa pale mezani ukakula chapati?"

"Sikukula, mama."

"Afadhali ungekula! Ungekuwa umefanya kitu kimoja cha maana!" Akaketi juu ya kreti, akafunika uso na leso. "Na mimi nikamtukana mtoto wa watu ndani ya nyumba yake."

Asubuhi yake, Kalekye alimfukuza mnunuzi wa mbuzi, akavaa viatu vya kanisa akaenda Katangi, peke yake.

Nduku alimkuta langoni, akamsalimu, akampokea mkoba. Munyiva hakuwa amemwambia mama yake neno lolote la ugomvi, kwa hiyo mama wa watu alikuwa na furaha tupu.

"Wĩ mũseo, mama Mutinda! Umekuja kuona watoto wako? Munyiva alisema nisiuze hata kimoja, vyote ni vya mwaitu wa Kathiani."

Kuku wa madoa akatokea nyuma ya ghala, anakwaruza udongo, na vifaranga wanamfuata wakilia. Kalekye aliinama. Alimjua kuku wake kwa kilemba kichwani na kwa kucha moja iliyovunjika. Mtoto aliyemwita mwizi alikuwa amemwokolea kuku wake, na akaficha aibu ya nyumba yake hata mbele ya Nduku. Alilia pale pale, na Nduku akadhani ni furaha ya vifaranga. Haikuwa uongo, ilikuwa furaha pia.

Jumamosi Munyiva alisikia hodi. Akafungua, akamuona Kalekye na kikapu. Nyuma yake Mutinda, shati jeupe, hoho nyekundu na za njano mikononi, macho chini.

"Mwana wakwa," Kalekye akasema kabla hajakaribishwa. "Nilikuita mwizi. Nimefika Katangi, nimeona. Nisamehe."

"Mwaitu, ingia kwanza," Munyiva akasema, machozi tayari.

"Siingii mpaka huyu aongee."

Mutinda akainua macho. "Niliona unaumizwa na nikanyamaza. Nilimuogopa mama nikasahau kuogopa kukupoteza. Nisamehe, Munyiva."

Munyiva akatazama kikapu. "Mmeleta nini kwa kikapu?" akauliza.

"Ile nyeusi," Kalekye akasema. "Nimechinja mwenyewe. Huyu alimkimbiza tangu asubuhi, nikakaa kwa stuli nikiangalia. Sasa tupikie hiyo chakula yako haina mifupa."

Munyiva akacheka huku akijipangusa. Kuku mzee wa kienyeji hawezi kuiva kwa oveni kama wa buchari, kwa hivyo alimchemsha kwanza mpaka akalainika, ndipo akamtoa mifupa, akakata vipande vya kidole, hoho, kitunguu, bizari, akatandaza bila kulaliana. Supu ya mifupa wakanywa wakingojea. Mutinda alikata vitunguu na hakuna aliyeuliza analia kwa nini.

Trei ilipotoka, Munyiva akaiweka mbele ya Kalekye. Katikati, juu ya rangi zote zile, palikuwa na firigisi, nzima, imeiva kahawia.

Kalekye aliiangalia. Akafumba macho akaomba, maombi mafupi, karibu yote yalikuwa shukrani. Kisha akachukua kisu, akakata firigisi vipande viwili, nusu akaiweka kwa sahani ya Munyiva.

"Mbuzi hazikuuzwa," akasema. "Ziko zizini zinalia."

Munyiva alishika ile nusu, hakuweza kuitia mdomoni. "Muvea, mwaitu," akasema. "Muvea mũno."

Mungu ni mwema. Lakini msimjaribu, nyinyi wenye watoto wa kiume. Wafundisheni kufungua mdomo, kwa sababu si kila msichana atawangoja.

Walipomaliza, Mutinda alichukua trei akaenda kuosha. Aliosha, akasugua, akasuuza, akaanza tena. Aliogopa kutoka akaambiwa la.

"Mutinda!" Munyiva akaita. "Hiyo trei imetakata, utaitoboa. Hujaniuliza kitu?"

Akatoka, mikono inadondosha maji, povu mpaka kwa kiwiko.

"Utakubali nije kwenu na mbuzi?"

"Nimekubali. Lakini twende kwanza, sisi wawili, umwambie mama yangu ni nani alikuwa nguchiro. Kwa mdomo wako."

Mutinda alimtazama mama yake, kisha akamtazama Munyiva.

"Twende kesho," akasema. Na kesho yake, mbele ya Nduku, vifaranga wakipita katikati ya miguu yake, alisema yote.