Aliyezua Maana ya Thumuni

Kila alasiri Jaha alipotoka shule pale Kibarani, mjini Kilifi, alimwamkia nyanyake, akala, kisha akakimbilia uwanjani. Siku hiyo alikuwa na kazi ya Mwalimu Mwikali, aliyempa kila mwanafunzi neno lake: yeye awaulize wazee kwa nini nusu shilingi huitwa thumuni. Nyanya Ruqaiya alikuwa barazani akichambua mchicha. Jaha akampita. Alijiambia atamwuliza usiku, lakini usiku ulimkuta amelala.

Asubuhi alipoitwa kujibu, hakukosa la kusema.

"Thumuni lilikuwa jina la tajiri mmoja wa Lamu. Kila Ijumaa aliwagawia maskini nusu shilingi."

Uongo mtamu kweli. Darasa zima lilimpigia makofi, likauandika. Mwalimu Mwikali, ambaye kwao ni Kitui, naye alipendezwa. Akamchagua Kahonzi, mwenye sauti nzuri, aisimulie hadithi hiyo Siku ya Wazazi.

Siku ilipofika, ukumbi ulijaa wazee. Kahonzi alimnong'oneza Jaha, "Mamangu amefunga kibanda chake aje anisikilize."

Jaha alitazama mstari wa mbele, akamwona nyanyake ameketi na wenzake. Hao bila shaka waliijua maana ya kweli; wangecheka, na wa kuchekwa angekuwa Kahonzi.

"Usiisimulie," alimwambia. "Niliizua mwenyewe."

Kahonzi alimkodolea macho. Alikasirika. Kisha akamshika mkono, wakaenda kwa nyanya.

"Shikamoo, nyanya. Jaha alitumwa na mwalimu awaulize wazee: kwa nini nusu shilingi huitwa thumuni?"

"Marahaba, mwanangu. Thumuni ni fungu moja katika manane. Riali ya zamani ilikwenda kwa shilingi nne. Igawe mafungu manane, kila fungu ni nusu shilingi." Akamgeukia Jaha. "Nawe chuoni, kwenye masomo ya dini, si mmefundishwa kuwa mjane mwenye watoto hurithi thumuni? Mbona hukuniuliza?"

Kahonzi alipanda jukwaani akaeleza hayo hayo. Wazee waliridhika, na mamake akapiga vigelegele.

Baadaye Jaha alimweleza mwalimu kila kitu.

"Kutojua si kosa. Hata mimi sikujua, ndiyo maana niliwatuma kwa wazee," alisema Mwalimu Mwikali. "Lakini ulitudanganya, nasi tukakuamini. Kahonzi umemwokoa, vizuri. Wenzako je? Uongo wako bado umo katika madaftari yao. Jumatatu utawaomba radhi, na kila mmoja utamwandikia jibu la kweli kwa mkono wako."